ASILI YA MKOROSHO
Kwa nini korosho ya mti mwema haizai mti mwema siku zote

Karatasi hii inawahusu wenye mikorosho, na hasa wale wanaokusudia kupanda shamba jipya. Jambo linaloelezwa humu ni dogo kwa kulitazama, lakini hasara yake ni kubwa, kwa kuwa mkulima haioni hasara hiyo mpaka imekwisha kupita miaka mitatu au minne, na ardhi yake imekwisha kukaliwa.

Desturi ya watu wengi ni hii. Kijijini pana mti mmoja uliosifika: huzaa kila mwaka, korosho zake ni kubwa, na watu huutolea mfano. Mwenye kutaka kupanda huenda kwa mwenye mti, akaomba au akanunua korosho zake, akachagua zilizo nene, akazipanda. Mvua zikiwa njema, miche huota vizuri. Ifikapo miaka mitatu au minne miti huanza kuchanua, naye hungoja kwa furaha. Ndipo aonapo ajabu. Mti huu una korosho kubwa, na ule una korosho ndogo zisizofaa sokoni. Huu una mabibo mekundu, na ule una mabibo ya manjano, ingawa mama yao alizaa mekundu matupu. Mwingine huchanua hata ukawa mweupe wote, kisha usizae kitu. Basi hapo humshutumu aliyempa mbegu kwamba amemdanganya, ama husema shamba lake limetupiwa jicho. Hakudanganywa, wala hapana jicho. Sababu yake imo ndani ya ua, na wewe waweza kuitazama kwa macho yako pasipo chombo chochote.

UA LENYEWE

Ngoja mikorosho yako ichanue, ambayo kwa watu wa kusini mwa Tanzania ni tangu mwezi wa Juni hata Septemba, kisha uvunje shada moja la maua. Utaona kwamba shada hutoka katika ncha ya tawi changa lililo upande wa nje, mahali panapopigwa na jua. Ndiyo maana mikorosho iliyosongamana huchanua juu tu, na pande zake huwa tasa. Shada moja laweza kuwa na maua mamia, na katika miti mingine hupita elfu. Kila ua lina petali tano nyembamba, nyeupe zenye mistari ya rangi ya waridi, na likizeeka hugeuka jekundu.

Ukitazama upesi utadhani maua yote ni namna moja. Sivyo. Yafungue machache kwa ukucha. Katika mengi utaona kijiti kimoja kirefu chenye kichwa kilichobeba unga, na kando yake vijiti vingine vifupi vifupi. Kijiti kile kirefu ni cha kiume, na unga wake huitwa chavua. Ua hilo ni dume, halitazaa kamwe. Lakini katika maua machache utaona, pamoja na kijiti cha kiume, kijiti cha pili kilichosimama juu ya kifuko kidogo katikati ya ua. Hicho ni cha kike, na ndani ya kifuko kile ndimo inamoanzia korosho. Ua hili ni huntha, yaani lina kiume na kike pamoja, na ndilo peke yake liwezalo kuzaa.

Sasa hesabu. Chukua mashada ya miti miwili, uhesabu maua huntha na madume ya kila mmoja. Huenda katika mti mmoja ukapata ua huntha moja tu katika kila maua ishirini, na katika mti wa pili ukapata manne au matano. Hali ya hewa huweza kuongeza au kupunguza, na shada lenyewe hubadilika tangu mwanzo wa kuchanua hata mwisho, kwa hiyo usihukumu kwa shada moja wala kwa siku moja. Walakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni asili ya mti: umezaliwa nayo, wala samadi haiwezi kuuondolea. Basi ule mti uliokuwa mweupe wa maua usizae, kama haukuliwa na ugonjwa, yamkini maua yake karibu yote ni madume.

NYUKI HAULIZI MPAKA WA SHAMBA

Maua dume huanza kufunguka asubuhi na mapema. Maua huntha hufunguka baadaye kidogo, jua likiwa limepanda. Mara ua huntha linapofunguka, kijiti chake cha kike kiko tayari kupokea chavua, lakini chavua ya ua lile lile haijatoka bado. Hutoka saa kadhaa baadaye. Tena kwa kawaida kijiti cha kike kimekipita cha kiume kwa urefu, hata unga wa ua lenyewe haukiangukii kwa wepesi. Na chavua ya mkorosho hunata, upepo hauichukui mbali. Wachukuzi wake hasa ni wadudu: nyuki, nzi, na sisimizi.

Nyuki hutoka mti huu akaenda ule, na miguuni mwake amebeba unga wa miti yote aliyoizuru asubuhi ile. Ni kweli kwamba huleta pia unga wa ua jingine la mti ule ule. Lakini imeonekana kwa majaribio kwamba vitunda vilivyotokana na chavua ya mti wenyewe huanguka vichanga kwa wingi kuliko vilivyotokana na chavua ya mti mgeni. Kwa jumla mkorosho huangusha vitunda vyake vingi sana. Katika maua huntha mia, aghalabu hata kumi hayafikii kuwa korosho ya kuokotwa. Katika kuchujwa huko, watoto wa ndugu kwa ndugu ndio hutangulia kuanguka.

Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba korosho uliyoiokota chini ya mti uliosifika ina mama unayemjua na baba usiyemjua. Baba yake aweza kuwa mti wa jirani, au mkorosho wa porini ulioota kando ya njia, ambao mwenyewe ungeuona ungeukata kuni. Na korosho mbili zilizotoka katika shada moja zaweza kuwa na baba mbalimbali.

Hata kama ungemjua baba, bado usingepata mti kama mama. Mfano wake ni karata. Kila mti una karata zake mbili mbili, ambazo wataalamu huziita jeni. Jozi moja huhusu rangi ya bibo, nyingine husaidia ukubwa wa korosho, nyingine wingi wa maua huntha, nyingine nguvu ya kuushinda ugonjwa. Na sifa nyingi huendeshwa na jozi nyingi pamoja. Mti unapofanya chavua, au unapofanya yai lililo ndani ya kifuko, hutoa karata moja tu katika kila jozi, na haichagui. Mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Lakini nusu aliyoipata mtoto huyu siyo nusu aliyoipata ndugu yake. Mti mwema ni mkono mwema wa karata. Ukizichanganya karata zile upya na za mwingine, ukazigawa mara mia, utapata mikono mizuri michache, mibaya michache, na mingi ya kadiri.

Habari hizi zilianza kufahamika kwa mtawa mmoja, jina lake Gregor Mendel, aliyepanda mbaazi za kizungu katika bustani ya monasteri ya mji wa Brno akaandika matokeo yake mwaka 1866. Mbaazi zile, kama maharage yako, hujitosheleza: ua huchavuliwa kwa unga wake lenyewe kabla halijafunguka. Ndiyo maana ukihifadhi mbegu ya maharage, mwakani utapata maharage yale yale. Mtu aliyezoea maharage hudhani kila mmea ni hivyo, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

KOROSHO KWANZA, BIBO BAADAYE

Ua likisha kushika, kitu kinachokua kwanza ni korosho, wala si bibo. Utaiona ikining'inia ya kijani, na katika muda wa mwezi mmoja hivi imekwisha kufika ukubwa wake wote, na bibo bado ni kikonyo chembamba tu. Kisha ganda la korosho huanza kukauka na kuwa gumu, na korosho hupungua kidogo. Wakati huo huo kile kikonyo huanza kuvimba, na katika majuma machache ya mwisho hugeuka bibo lenye maji na rangi. Tangu kushika hata kuanguka ni kama miezi miwili. Kwa hiyo bibo, ambalo watoto huliita tunda, kwa kweli ni kikonyo kilichonenepa; tunda lenyewe ni korosho.

Sasa angalia sana jambo hili. Bibo ni mwili wa mama. Ganda la korosho nalo ni mwili wa mama. Kilicho cha mama na baba pamoja ni kiini kilichomo ndani, ambacho wewe hukioni. Ndiyo sababu mkorosho wenye mabibo mekundu huyazaa mekundu yote, hata kama umechavuliwa na mti wa mabibo ya manjano. Damu ya baba imo humo ndani imejificha, nayo haitajionyesha mpaka kiini kimeota, kimekua mti, na mti ule umechanua.

Mahindi hayako hivyo. Panda mahindi meupe karibu na shamba la mahindi ya manjano, nawe utaona mwaka huo huo punje za manjano katikati ya gunzi jeupe, kwa kuwa kinachotia punje rangi ya manjano ni chakula kilicho ndani yake, nacho kina sehemu ya baba. Mahindi hukuonya mapema. Mkorosho hukuonya baada ya miaka minne. Kwa hiyo kuchagua korosho nene, au kuzitia majini ukapanda zinazozama na kuacha zinazoelea, ni kazi njema, maana zinazozama huota vizuri na kwa nguvu. Lakini hakukujulishi hata kidogo baba yao alikuwa nani.

Watu wa pwani wanao mfano mwingine ulio karibu zaidi, nao ni mnazi, ambao kukua kwa tunda lake kumepewa majina hatua kwa hatua: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi, mwendo wa mwaka mmoja hivi. Katika mnazi mrefu, karara likipasuka, maua madume hufunguka kwanza na kumwaga unga wao. Ya kike huwa tayari baadaye, wakati madume ya kole lile yamekwisha kuanguka. Kwa hiyo mnazi mrefu aghalabu huoa nje, na watoto wake hutofautiana kama wa mkorosho. Lakini mnazi mfupi, yaani kitamli, maua yake ya kiume na ya kike hukutana kwa wakati, nao hujichavua wenyewe. Panda nazi ya kitamli chekundu, na mara nyingi utapata kitamli chekundu. Tena kitamli hutoa ushahidi katika kitalu: chipukizi likitoka na rangi ile ya mama, ni mtoto halisi, likitoka na rangi ya kahawia, baba yake ni mnazi mrefu. Laiti mkorosho nao ungekuwa na alama kama hiyo.

NJIA YA KUUPATA MTI ULE ULE

Kwa kuwa korosho huchanganya karata, njia iliyo salama ni kutopitia korosho. Chukua tawi la mti mwema ulibebeshe juu ya mche mwingine. Tawi halichanganyi kitu. Limebeba karata zote za mti wake jinsi zilivyo, na litachanua na kuzaa kama lilivyokuwa likichanua na kuzaa juu ya mama yake. Mnazi hauwezi kufanywa hivyo, maana una moyo mmoja tu na hauna matawi, lakini mkorosho hukubali vizuri.

Pale Pirangi, karibu na mji wa Natal katika Brazil, nchi ya asili ya mti huu, uko mkorosho ambao matawi yake hulala chini, yakatoa mizizi, yakainuka tena na kuendelea, hata leo umefunika mahali pa zaidi ya meta 8,000 za mraba, kama eka mbili. Mgeni huona msitu, kumbe ni mti mmoja, damu moja. Wewe kwa kisu chako wafanya jambo hilo hilo, ila kwa haraka zaidi.

Panda korosho katika viriba, moja moja, upate miche ya kubebeshea. Ikiwa na umri wa miezi miwili hivi na shina limefikia unene wa penseli, iko tayari. Siku saba hadi kumi kabla ya kazi, nenda kwenye mti mwema, uchague ncha za matawi zilizo nje kwenye jua, zisizo na maua wala ugonjwa, uyakate majani yake ukiacha vijiti vya majani tu, na uziache hapo mtini macho yavimbe. Siku ya kazi kata ncha hizo, urefu wa inchi nne hivi. Hizi ndizo vikonyo vya kubebesha. Kata kichwa cha mche, upasue shina katikati kwenda chini inchi moja na nusu, uchonge kikonyo pande mbili kama kabari, ukitie katika mpasuko. Yafaa unene ulingane. Usipolingana, angalau upande mmoja tabaka ya kijani iliyo chini ya gome ikutane na mwenzake, kwa sababu hapo ndipo vinapoungana. Funga kwa ukanda wa nailoni, ufunike kikonyo kwa kifuko chembamba cha nailoni kisikauke, uweke kivulini. Kisu kiwe kikali na safi. Kisu butu kimeua miche mingi kuliko jua.

Majani mapya yakitokeza, ondoa kifuko. Tena uondoe kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo, wala usilionee huruma lijapokuwa na afya, kwa kuwa hilo ni mtoto wa korosho, baba hajulikani, na likiachwa litakipita kikonyo na kukinyima chakula. Nimeona shamba zima lililobebeshwa vizuri, lakini baada ya miaka miwili vikonyo vilikuwa vimekufa na miche ya chini ndiyo iliyosimama, naye mwenye shamba akisema kubebesha hakufai.

Usishangae mti uliobebeshwa ukichanua ungali mfupi, hata mwaka wa kwanza au wa pili. Kikonyo kimetoka katika mti mzima, na uzima wake hakikuuacha. Maua hayo ya kwanza yavunje, mti upate mwili.

KUMCHAGUA MAMA

Hapa ndipo penye kazi ya akili kuliko kisu. Mkorosho ulio karibu na zizi la mbuzi, au nyuma ya jiko pamwagwapo majivu na maji, utazaa kuliko wenzake kwa kula vizuri, si kwa asili. Ukichukua vikonyo vyake ukavipeleka shambani mbali na zizi, vitaiacha shibe ile nyuma. Chagua mti uliosimama katikati ya wenzake, ardhi moja, nafasi moja, nao ukawapita. Tena uutazame misimu mitatu au minne; mwaka mmoja wa neema haushuhudii kitu.

Tazama pia maua wakati wa ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafunika kama majivu wakati wa baridi na umande. Katika Tanzania ulitambuliwa mwaka 1979, na ulikuwa moja katika sababu za mavuno ya nchi kuanguka vibaya katika miaka iliyofuata, kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74. Unga wa salfa huuzuia, lakini salfa ni fedha kila mwaka. Ukiona mti ambao mashada yake hubaki safi kuliko ya jirani zake, na wote hawakutiwa dawa, utie alama, maana nguvu hiyo nayo hurithiwa, na kikonyo huichukua yote.

Jambo la mwisho ni hili: usijaze shamba kwa vikonyo vya mti mmoja tu, hata ukiwa mwema namna gani. Miti yote itakuwa damu moja; nyuki watakapotembea kati yake wataleta chavua ya ndugu kwa ndugu, na vitunda vitaanguka kama ulivyosoma hapo juu. Na ugonjwa utakaoujulia mti mmoja utaijulia yote. Chukua vikonyo vya miti minne au mitano iliyo myema, yenye kuchanua wakati mmoja, uichanganye katika mistari, meta 12 kati ya mti na mti kila upande. Kama kwenu hapana mti ulioutazama kwa miaka ya kutosha, muulize Bwana Shamba habari za miche iliyobebeshwa na vikonyo vya aina zilizochaguliwa na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, Mtwara; na umwulize mapema kabla ya mvua, kwa sababu miche hiyo huagizwa na wengi.